Abiria Aliyeitangulia Ndege

Sikulazimishi uamini, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, mwezi wa Ramadhani, na akili zangu timamu.

Miaka ile ya ruksa, wafanyabiashara wa kamba wa baharini walipoanza kukodi vindege, nilikuwa mlinzi wa kiwanja cha nyasi huku kwetu Kibiti, upande wa Mahege. Kazi yangu ilikuwa kufukuza mbuzi na kukaa na redio ya upepo. Kutoka Mafia ndege ilichukua dakika ishirini na tano. Ukipita majini mpaka Nyamisati, kisha utafute gari, siku nzima imekwisha. Ndege ikiruka, mwenzangu wa Mafia ananiarifu. Ikitua, namjibu neno moja tu: wamefika. Nikinyamaza nusu saa, anawaita watu wa Nyamisati, boti zinaingia mikokoni kutafuta. Ndivyo tulivyopatana.

Siku hiyo akaniambia wameruka, rubani na mama mmoja mnunuzi wa kamba. Nikafukuza mbuzi, nikarudi kibandani. Sijakaa sawasawa, mama huyo mlangoni, khanga mbichi, tope mpaka magotini. Nikatazama saa: dakika kumi. Nikajisemea, saa zenyewe hizi za plastiki, zimeshaanza uongo wake.

"Karibu dada. Leo mmewahi."

"Tumefika, kaka. Waambie kule tumefika."

Nikampa maji, maana msafiri ana ruhusa.

"Ahsante. Nimeshayanywa ya kutosha."

Wewe ungefanyaje? Ndege huishia mwisho wa kiwanja, nyuma ya mikorosho, huioni ukiwa kibandani. Kwenda na kurudi ni jua kali, nami nimefunga, koo limekauka. Nikashika redio, nikasema wamefika, nikazima. Nilipogeuka hayupo. Nikadhani ameshakwenda barabarani. Nami nikaenda zangu nyumbani kulala.

Magharibi, tende iko mdomoni, akaja mtu aliyetumwa kupokea mzigo. Akaniuliza ndege iko wapi. Nilikimbia mpaka mikorosho. Nyasi zilikuwa zimesimama vilevile, hazijaguswa na gurudumu.

Boti zilitoka Nyamisati usiku huohuo, zikaipata alfajiri, imeingia mtoni. Yule mama alikuwa ndani, amezama, bado amefunga mkanda. Rubani alikuwa nje, juu ya bawa, mguu ameufunga kwa shati lake mwenyewe. Waliombeba rubani waliniambia amekata roho muda si mrefu, mwili ulikuwa bado na joto.

Labda yule mama alidhani kweli wamefika. Simlaumu. Aliyetangaza ni mimi, na inaniuma mpaka leo. Wanangu wakija kutoka Dar, mama yao akiniuliza toka ndani kama wamefika, neno halitoki. Namwambia njoo uone mwenyewe.

Kwa hiyo wewe, mgeni wako akifika kabla ya saa yake, usikimbilie kuwapigia kwao. Toka nje kwanza, ukakione alichokuja nacho. Jua likiwa kali, litakuchoma tu.