Barua ya Itigi Inayokwenda Panama Bila Jina

Garimoshi la kutoka Tabora linaingia Itigi saa tatu asubuhi likiwa na kiu, na Alute Kitundu, mtia maji wa stesheni, keshapanda ngazi. Anavuta bomba, anaelekeza mdomo wake kwenye tangi la injini, anafungulia maji. Mvuke unamfunika hadi kiunoni. Ni dakika ishirini tu, kisha garimoshi lishike njia ya Dar es Salaam.

Siku nyingine macho yake hayabanduki kwenye maji. Leo kila mara anapapasa mfuko wa shati. Mna barua humo, na barua hiyo lazima ipande behewa la posta kabla filimbi haijalia.

Inakwenda Panama. Ndiyo, mji mkuu wa nchi ya jina hilo hilo, kule Amerika ya Kati. Usicheke, maana Itigi nzima imeshacheka ikachoka. Idrissa, anayepunga bendera ya kuruhusu magarimoshi, humwita Bwana Panama na kumuuliza jana ameota nini. Zamani Alute alikuwa akibishana naye. Mwaka huu wa 1957 ameshaacha, na jioni hula ugali wake peke yake.

Kwao ni Kinyangiri. Mwaka 1943 alishuka pwani kutafuta kazi, akaangukia kwenye meli ya mizigo, kutia makaa tanurini. Miaka miwili aliizunguka dunia bila kuiona, kwa sababu chumba cha tanuri hakina dirisha. Kisha mtambo wa meli ukaharibika Panama, mabaharia wakaambiwa wajitafutie pa kulala mjini kwa siku tisa.

"Nilipotoka bandarini nilidhani nimefika nyumbani," anasimulia. "Watu weusi tele. Huyu kafanana na mjomba, yule na shemeji. Nikamwamkia mzee wa kwanza, shikamoo. Akanipita. Wa pili naye akanipita. Bora ningepitwa na Wazungu, hao nimewazoea."

Alizunguka mji mzima akiamkia watu. Aliona kanisa kubwa la minara miwili iliyopambwa kwa makombe ya lulu, yanameremeta juani. Aliona nyumba za ghorofa za mbao, nguo zimeanikwa kwenye roshani, na bahari ikirudi nyuma mbali sana mpaka vyombo vikabaki vimekaa matopeni. Hakuwa na mtu wa kumwambia hebu tazama. Anasema upweke wa porini unavumilika. Wa mjini ndio unaouma, kwa kuwa watu wapo.

Siku ya pili alimwamkia mama mmoja mfua nguo, amekaa kwenye ngazi za nyumba ya kijani. Mama yule hakumpita. Alimuuliza kwa Kiingereza, maana wazee wake walitoka visiwa vya Waingereza, neno lile maana yake nini? Alute, kwa Kiingereza chake cha melini, akamweleza kwamba ni heshima ya mtoto kwa mzazi, na mzazi huitikia marahaba. Mama akajaribu, likamshinda, akajaribu tena mpaka likatoka.

Basi Alute akalala kwake, akala kwake, unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani ya mgomba ukachemshwa. Kila asubuhi, shikamoo. Kila asubuhi, marahaba.

Mama huyo alikuwa na mwana aliyeondoka na meli, na habari zake hazikuja tena. Siku ya kuagana alimshika Alute mikono yote miwili, akamwomba kitu kimoja tu: akifika kwao, amjulishe kwamba amefika. Alute akaahidi.

Akaondoka bila kumuuliza jina. "Kwetu mtoto hamuulizi mzazi jina lake, ni utovu wa adabu," anasema. "Siku nane namwita mama. Ningeanzaje?"

Alifika Kinyangiri mwaka 1946. Dada yake Rahabu alimpokea kwa kilio, kwani mama yao alikuwa amezikwa miezi minane nyuma. Kila siku ya mnada marehemu alikuwa akienda barabarani kuwauliza madereva wa malori kama wamemwona Alute wake. Alute hajui kuandika, na kote alikozunguka hakumwomba mtu amwandikie japo mstari mmoja. Hilo hajajisamehe. Kinyangiri pakamshinda, akaja Itigi.

Barua ya Panama ameshaijaribu mara mbili. Ya kwanza karani alimrudishia pale pale dirishani, akasema barua haiendi kwa "mama". Ya pili ilikwenda, ikarudi baada ya mwaka ikiwa imejaa mihuri.

"Mama yangu alikufa akiangalia njia," anasema. "Sitaki wa pili naye afe akiangalia njia kwa ajili yangu mimi huyu huyu."

Hii ya tatu ameandikiwa na Mwalimu Melkiori wa shule ya misheni. Safari hii inakwenda kwa padri wa kanisa la makombe, na ndani mna ramani: toka kanisani, vuka mitaa mitatu, nyumba ya kijani, mama mfua nguo ambaye mwanawe alipotelea baharini. Imeandikwa yote kwa Kiingereza isipokuwa neno la kwanza, shikamoo. Hilo Alute alikataa lisiguswe. Baada yake mna maneno machache tu: mama, nimefika.

Maji yanafurika juu ya tangi. Alute anafunga bomba, anashuka ngazi mbili mbili, anakimbilia behewa la posta. Idrissa, bendera mkononi, leo hana utani. Anaishikilia chini mpaka anapoiona barua imepokelewa dirishani, ndipo anaipunga. Filimbi inalia.

Mwandishi wa habari hii anamuuliza atajuaje kama jibu limetoka kwa mama yule, naye jina lake halijui. Alute anafuta mikono kwenye suruali, anayatazama mabehewa yakiishia upande wa Manyoni.

"Panama nzima yuko mmoja tu anayejua kuitikia," anasema. "Sihitaji barua ndefu. Likija neno moja, marahaba, nitajua ni yeye, na kwamba ameacha kuangalia njia."