Nauli ya Mafuriko

Zachary Hiribae wa Kulesa alikuwa na kasoro moja tu katika kazi yake ya kuvusha watu: aliijua kupita kiasi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewavusha wenzake mto Tana, kiangazi na masika, na kwa sababu hawakuzama, hapakuwa na mtu kijijini aliyeamini kwamba kuna kazi yoyote pale. Walimwona amekaa nyuma ya mtumbwi, kafi mkononi, anapiga mluzi. Mtu mwenye nafasi ya kupiga mluzi, walisema, atachokea wapi?

Nauli ilikuwa shilingi ishirini. Kiangazi, mto ukiwa umejikunyata katikati ya michanga, ishirini. Mafuriko, mto ukiwa umemeza mashamba ya mpunga na migomba na kubeba magogo, mizoga ya mbuzi na mara mojamoja kiboko aliyeamka vibaya, ishirini ileile. Na hiyo ishirini nayo haikutoka bila mjadala.

Bingwa wa mjadala alikuwa Kache, muuza samaki wa kukaanga, mwanamke wa Kigiriama aliyeolewa Kulesa zamani na ambaye hakuwahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa. Alianza kupatana kabla hajaingia mtumbwini na akaendelea mpaka ng'ambo. Mara alikuwa mwepesi kuliko abiria wengine, mara alikuwa amekaa upande mmoja tu wa ubao, mara alikuwa anakwenda lakini hana hakika kama atarudi. Mwisho alitoa kumi na tano, na Zachary alizipokea huku akicheka, kwa kuwa kusema kweli kupatana na Kache kulikuwa nusu ya raha ya siku yake.

Kilichowakera abiria zaidi ni jinsi alivyovuka wakati wa mafuriko. Hakuukata mto moja kwa moja. Alipanda kwanza kandokando ya ukingo, akisukuma kwa mti mrefu wa pondo kuelekea juu, mwendo wa kama viwanja vitatu vya mpira. Huko juu ndiko alikogeuza mtumbwi, akashika kafi na kuuacha mkondo umshushe kimshazari mpaka kituoni kwake upande wa pili. Watu walinung'unika. Wanaona ng'ambo ile pale, na huyu anawazungusha kama mwenye gari anayetafuta wateja mtaani. Kache alisema wazi kwamba ni mbinu ya kufanya safari ionekane ndefu.

Mara moja tu katika miaka yote hiyo walimsifu. Ilikuwa zamani, asubuhi aliyokwenda kazini na homa ya malaria ingawa mkewe Josephine alikuwa amemkataza. Hakuliona gogo. Mtumbwi ulipigwa ubavuni, ukaingia maji mpaka magotini, watu wakapiga mayowe na mzee mmoja akaanza kuungama dhambi ambazo hakuna aliyemwuliza. Zachary aliwafikisha salama, basi tu. Siku hiyo kila mtu alimlipa mia moja, na Kache akamwongezea samaki wawili wakubwa. Zachary aliwala samaki hao kwa aibu, na hakumwambia mtu mwingine ila Josephine kwamba kosa lilikuwa lake.

Sasa yakaja mafuriko ya mwaka ule wa El Niño, na mtumbwi wa Zachary ukapata ufa wa urefu wa mkono. Aliuziba kwa lami na vitambaa, lakini yeye mwenyewe alijua kwamba kiraka hakitamaliza msimu. Fundi wa Chara alitaka elfu hamsini kuchonga mpya. Ishirini ishirini zile zisingefika huko hata kwa miaka mitatu. Josephine, ambaye kila jioni alisimama ukingoni kuhesabu kama mumewe amerudi mzima, alikuwa amemtafutia kazi kupitia kwa binamu yake: kulinda geti la duka la vifaa vya ujenzi pale Garsen, mshahara wa kila mwezi, kofia na rungu juu ya tajiri. Jibu lilitakiwa Jumatatu.

Zachary hakuitaka kazi ile. Alijiona amesimama mbele ya mabati na misumari, anafungua geti, anafunga geti. Akapeleka ombi kwa kamati ya kivuko: wakati wa mafuriko nauli iwe hamsini. Kamati ikapanga kukutana Jumamosi alasiri katika darasa la shule ya msingi. Wakikubali, fundi wa Chara angeanza kuchonga kwa malipo ya polepole. Wakikataa, Jumatatu angevaa kofia.

Jumamosi hiyo asubuhi ikaja helikopta. Barabara ya Garsen ilikuwa imekatika, kwa hiyo unga na dawa vililetwa kwa njia ya hewa na kushushwa ng'ambo, kwenye kipande cha ardhi kilichobaki kikavu. Zachary akapewa kazi ya kuvusha magunia. Watu walijaa ukingoni kutazama, na kama ilivyo kawaida ya watu waliojaa mahali, wakaanza kuhesabu fedha za mwenzao. Rubani yule analipwa kiasi gani? Mmoja alisema laki tatu. Kache alisema milioni, tena kwa mwezi, na aliisema kwa uhakika wa mtu anayesaini hundi hiyo yeye mwenyewe. Hakuna aliyempinga. Walikubaliana wote kwamba ni haki yake, maana amebeba roho za watu, akikosea kidogo tu wamekwisha, na mtu kama huyo hupatani naye, unamlipa anachotaja. Zachary aliyasikia hayo akiwa ameinama kupakua gunia la kilo hamsini kutoka kwenye mtumbwi wenye ufa, na maneno yale yalimwuma.

Rubani mwenyewe aliitwa Kapteni Masha, mtu wa Marafa, mnene kidogo, mwenye miwani na adabu nyingi. Alihitaji kuvuka. Kesho yake alitakiwa kuwachukua kina mama wawili waliokaribia kujifungua, na watu wa misaada walitaka atue uwanja wa shule. Yeye alikataa kuutegemea uwanja aliouona kwa juu tu. Nyasi, alisema, ukizitazama toka angani zote ni nzuri, na matope hayaonekani mpaka yamekushika. Alitaka kuukanyaga kwa miguu yake. Basi akaingia mtumbwini pamoja na Kache, aliyekuwa amekwenda kumwona kwa karibu, akashika kingo zote mbili kwa nguvu na kukiri kwamba hajui kuogelea.

Zachary akapanda na ukingo kama desturi yake. Kache akaomba radhi kwa niaba ya kijiji, akamweleza mgeni kwamba huyu fundi wao ana tabia ya kuzunguka. Masha akauliza kwa nini. Zachary akasema kwamba mtu akivuka moja kwa moja mkondo unampiga ubavuni na kumshusha kwenye miti iliyozama kule chini, lakini akiupandia kwanza, mkondo huohuo ndio unaomfikisha. Masha akaangua kicheko na kusahau kushika upande mmoja.

Hata yeye, akasema, hutua akiuelekea upepo. Abiria huona uwanja uko hapo chini yao, naye anazunguka kuutafuta upepo ulipo, nao huanza kutazama saa na kuuliza kama anawaongezea bili.

Kache hakuweza kuvumilia tena, akamwuliza kuhusu hiyo milioni. Masha hakukasirika. Alisema mshahara wake haufiki hata nusu ya hapo, na sehemu kubwa yake huhesabiwa kwa saa ambazo injini inazunguka. Saa anazokaa kusubiri mawingu yaondoke hazina malipo, ingawa kusubiri ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Kisha akasema jambo ambalo Zachary alilikumbuka neno kwa neno.

"Nikimfikisha mtu vizuri, ananiuliza mbona ghali hivyo kwa kukaa tu. Siku moja niliingia kwenye dhoruba, tukarushwa, watu wakatapika. Tulipotua tajiri mmoja akanishika mikono analia, akanipa bahasha. Na siku ile nilikosea mimi. Sikupaswa kuruka kabisa."

Zachary alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alicheka kwa furaha ya kumpata mwenzake mahali asipomtarajia kabisa, na katika furaha hiyo ulimi ukamponyoka: akaisimulia siku ya gogo na homa yake yote, mbele ya Kache. Alipomaliza, Kache aliuliza polepole kama ina maana alilipa mia moja na samaki wawili kwa sababu ya uzembe. Zachary akasema ndiyo, ina maana hiyo.

Walikuwa wamefika katikati. Mluzi ukakatika. Zachary alichovya kafi mara mbili upande wa kushoto, akaliacha tuli majini kidogo, kisha akaendelea, na mluzi ukarudi. Gogo jeusi refu, lenye unene wa pipa, lilipita chini ya maji hatua mbili kutoka ubavuni na kutokomea. Masha akavuta pumzi.

"Mama, umeliona?" alimwuliza Kache.

"Nimeliona nini?"

"Basi ndiyo kazi yenyewe hiyo," alisema Masha. Kache akageuka kuitazama mikono ya Zachary, na hakuiondolea macho mpaka walipofika.

Uwanja wa shule ulikuwa bure. Masha aliruka juu yake mara tatu kama mtoto, mara ya tatu akazama mpaka vifundoni, akachagua mahali pengine karibu na kanisa. Mawingu yakashuka, hakuweza kuondoka, basi alasiri akaketi nyuma katika darasa la mkutano, kwenye dawati la darasa la nne, akasubiri bila malipo.

Mwenyekiti wa kamati, Mwalimu Hudson, mstaafu aliyependa kusoma kila kitu mara mbili, alisoma ombi mara mbili. Zachary alikuwa amejiandaa. Hakuwa amelala vizuri wiki nzima akipanga hoja zake, bei ya lami, bei ya mtumbwi, idadi ya viboko, na alijua kila mtu atamjibu nini. Akamwona Kache akisimama, akajikaza.

"Nimevuka na mtu huyu maelfu ya mara," alisema Kache. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimemtazama akifanya kazi. Mimi nasema hamsini, na sitapatana."

Mwalimu Hudson aliuliza kama kuna mwenye pingamizi. Mvua ilisikika ikipiga mabati. Watu walitazamana, wengine wakaitazama mikono yao, na hakuna aliyefungua kinywa. Katika miaka ishirini na sita ilikuwa mara ya kwanza Zachary kutaja bei Kulesa na bei hiyo kusimama. Hoja zake zote zilikuwa zimempanda kichwani na hazikuwa na pa kwenda.

Akasimama kushukuru. Akashukuru, kisha akasema watoto wa shule, bila shaka, wao wapite bure. Watu wakapiga makofi. Makofi yakampa moyo, akasema wajawazito nao bure, na wazee ishirini ileile, na mtu akifiwa asidaiwe, na kama mtu amekwama kabisa basi wataelewana. Alikuwa anataka sasa kuwataja wauza samaki aliposikia shati lake likivutwa kwa nyuma.

"Kaa chini, Baba Elvis," alisema Josephine. "Ukiendelea hivyo utaanza kuwalipa wewe ili wavuke."

Darasa zima likacheka, Masha kuliko wote. Zachary akaketi. Josephine hakuliachia shati. Akamwinamia sikioni na kumwambia, kwa sauti ambayo hakuna mwingine aliyeisikia, kwamba Jumatatu atampigia binamu yake wa Garsen simu, wamtafute mlinzi mwingine.