Dagaa Juu ya Majina

Siku ile haijanitoka, mwanangu, ingawa ningefurahi initoke. Nilikuwa msichana wa Kasingirima, kule ufukweni kwa wavuvi, mwenye mdomo, nachuuza dagaa. Mvua ilikuwa imelowanisha mchanga wa kuanikia, nami nikakumbuka kwamba bustanini kule mjini kuna sakafu safi ya saruji inayopigwa jua kutwa. Ilikuwa chini ya mnara wa askari wetu waliokufa vitani Uganda. Nikamwaga dagaa wangu pale, juu ya majina yao yaliyochongwa sakafuni, nikajiona mjanja kweli.

Akaja mama mmoja mtu mzima, ametembea kutoka kijijini Simbo, ana kitambaa na chupa ya maji. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha akapiga magoti, akaanza kuwasogeza dagaa kwa vidole, taratibu, mpaka likatokea jina moja.

"Mama, unaniharibia biashara," nikamwambia. "Hapa hajazikwa mtu. Ni saruji tu."

Akaniangalia. "Najua, mwana wanje, mwanangu wee. Wangu hawakumleta, waliniletea barua tu. Ndiyo maana namwoshea hapa."

Akaliosha jina la mwanawe. Akanusa kitambaa, akaosha tena, lakini shombo haikutoka. Akaondoka bila kunitukana, na afadhali angenitukana. Nami, Mungu anisamehe, niliwatandaza tena dagaa wangu palepale.

Mwaka uliofuata mdogo wangu Ramadhani alikwenda kuvua ziwani, dhoruba ikaupindua mtumbwi. Tulimtafuta siku tisa ufukweni, hata sanda ya kumvika haikupata kazi. Ndipo nikaenda Simbo kumwomba radhi yule mama. Nikaambiwa keshazikwa.

Nimezeeka sasa, na bado sina pa kumwoshea mdogo wangu. Nikitaka kumlilia natazama ziwa zima, sijui nianzie wapi.

Basi jana nilipokuona na wenzako mmekaa pale mnarani, chipsi na soda mmeziweka juu ya majina, niligeuza uso. Nikashika njia nyingine, kwa aibu yangu mwenyewe. Leo nakwambia: toka pale, na uwatoe wenzako. Usiulize kama chini pamezikwa mtu. Uliza ni nani huja pale kulia, na umwachie nafasi yake ikiwa safi.

Mungu akulinde, mwanangu. Na wale uwapendao, siku zao zikifika, awajalie walale mahali unapoweza kufika kwa miguu.