Baba alimkana mchumba wangu kwenye simu ya polisi, na wageni wakapiga vigelegele

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo nimeshindwa kujizuia. Kisa ni changu mwenyewe. Kama kuna mahali nimetia chumvi, mods wafute uzi mzima.

Mimi ni Mkonzo wa milimani juu ya Bwera, Uganda, huku mpakani na Kongo. Kiswahili cha kuandika nilikipata Mwanza nilikokuwa nauza vitenge. Cha nyumbani ni kile cha mpakani, mtakisikia watu wakianza kuongea. Msicheke. Au chekeni tu.

Sasa, kuna mambo ya kwetu lazima niwape kwanza, la sivyo mtapotea.

Sisi tunapewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mimi ni Kabugho kwa sababu ni binti wa tatu. Mtoto wa pili wa kiume ni Bwambale. Kwa hiyo karibu kila nyumba yenye wavulana ina Bwambale wake. Simama sokoni uite "Bwambale!" uone shingo zinavyogeuka.

Halafu mahari yetu ni mbuzi.

Na siku bwana harusi anapowaleta, upande wa bibi harusi unajifanya haumjui. Huyu nani? Katoka wapi? Hapa hatuna binti, mmepotea njia! Ukimkubali haraka watu watasema ulikuwa unatafuta pa kumtupa mtoto. Ni mchezo tu, lakini unachezwa kwa nguvu zote, na baba yangu ndiye bingwa wake mlima mzima. Kwenye harusi ya dada yangu alimkana mkwe mpaka yule kaka akatokwa na jasho la kweli.

Mchumba wangu, Bwambale, ni dereva wa pikapu kutoka Kilembe. Siku ya siku wazee wake walitangulia kwa basi dogo, yeye akafuata na mbuzi.

Pale Kikorongo akasimama awape mbuzi maji. Mmoja akaruka.

Wakuu, piga picha. Mwanaume kavaa suti mpya, anakimbiza mbuzi kati ya malori, wauza mahindi ya kuchoma wanamshangilia. Alimkamata yule mbuzi. Ila simu iliangukia lami ikafa, na suti ikapasuka goti hadi paja.

Karibu na kwetu akakuta kizuizi cha polisi mbele ya kituo. Kituo sikitaji. Asubuhi hiyo walikuwa wamepata taarifa kwamba kule Karusandara mfugaji mmoja kaibiwa mbuzi, na mshukiwa anaitwa nani?

Bwambale.

Mkubwa wa kituo alikuwa mama mmoja mrefu kutoka Teso, huko mashariki, mgeni kabisa kwetu. Akamwangalia kijana: vumbi, majani kwenye nywele, suruali imepasuka, mbuzi nyuma.

"Jina?"

"Bwambale, afande."

"Hii mbuzi ni ya nani?"

"Ya baba mukwe. Ni mahari."

"Mahari ya mbuzi? Kwetu mutu anaoa na ng'ombe. Suruali imepasuka wapi?"

"Nilikuwa nafukuza mbuzi, afande."

Mwenzangu alijichimbia shimo mwenyewe.

Akakamatwa. Ila kuanzia hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Afande alimwambia kwa nini anamshika. Alimwambia ana haki ya kuwajulisha watu wake, akampa simu yake mwenyewe apige. Bwambale anasema muda wote alikuwa ameweka shavu tayari akingoja kofi, na lilivyozidi kuchelewa ndivyo alivyozidi kuogopa.

Namba pekee aliyokuwa nayo kichwani ni ya baba yangu. Aliikariri zamani wakati anajipa moyo wa kumpigia mara ya kwanza.

Afande akasema, "Lete, naongea mwenyewe. Naweka spika, usikie."

Huku nyumbani turubai zimejaa, MC yuko juu, mimi niko chumbani na mashangazi nafungwa mkanda wa gomesi, gauni letu la sherehe. Simu ya Baba ikalia. Sauti ya mwanamke, ya kipolisi: "Mzee, mimi iko polisi. Unajua mutu moja anaitwa Bwambale? Anasema iko kuleta mbuzi kwako."

Baba akajua hapohapo kwamba ni utani wa upande wa bwana harusi. Wazee wa bwana harusi nao wakajua ni utani wa upande wetu. MC akasogeza maikrofoni kwenye simu.

Baba akasimama, akakohoa.

"Bwambale? Huku ba-Bwambale beko wengi sana! Huyo hatumujui! Binti hatuna! Na kama iko natembea na mbuzi, mufunge, ni mwizi!"

Vigelegele! Watu walianguka kwenye viti. Shangazi yangu alilia kwa kucheka. Mimi pia nilicheka wakuu, nilicheka mpaka wanja ukashuka, mchumba wangu huku anafungiwa selo.

Jua likapanda. Bwana harusi haji. Wazee wake wakaanza kuangaliana. Nikachukua simu ya Baba nikapiga ile namba.

"Afande, huyo Bwambale ni mume wangu."

"Baba yako amesema ni mwizi."

"Ni mila, afande! Ni lazima aseme hivyo!"

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Dada, ndugu yake yote itasema ni mutu muzuri. Mimi nataka yule mzee. Yeye alimukataa mbele ya askari yangu, yeye akuje aseme anamujua. Nampa dhamana leo, na dhamana ni bure."

Niliporudi kumwambia Baba, kicheko kilimtoka usoni.

Hapa nisimame kidogo.

Miaka ile ya vurugu wilayani kwetu Kasese, Baba alichukuliwa kutoka dukani kwake. Hakuambiwa kosa. Hatukuambiwa yuko wapi. Mama alizunguka vituo na chakula kikipoa mkononi. Aliporudi alikuwa anaburuta mguu, na anauburuta hadi leo. Hayo yalimpata ndani ya kituo hichohicho. Tangu siku ile hajavuka lile geti. Akienda sokoni huzunguka njia ya mbali asilione.

Na sasa mume wangu hatoki mpaka Baba aingie. Nilitaka kumwambia basi, tuache. Nilishindwa kulisema.

Vijana walishasikia na wakaanza kuokota mawe. Kwetu mambo kama haya yanawaka haraka, mnajua. Shangazi akawakemea: "Kama munakuja, muache mawe, mubebe ngoma!"

Wakabeba ngoma. Tukapanda boda, mimi na gomesi yangu imekunjwa hadi magotini, Baba mbele na kofia yake ya sherehe, nyuma yetu ukoo wote unapiga ngoma.

Askari wa getini wakaona umati unakuja. Nikaona mikono inashika bunduki.

Afande akatoka mbio. "Shusha! Shusha bunduki! Hii ni harusi, huoni?"

Baba akashuka kwenye boda. Akasimama barabarani, geti hapo mbele yake.

"Miye siingie mule."

Nilijua yule mama atamfokea. Badala yake akatoka nje ya geti, na kiti mkononi, akakiweka barabarani.

"Kaa, mzee. Mimi nakuja kwako. Unaweka sahihi hapahapa."

Baba hakukaa.

"Munamupiga?"

"Hapana. Hata kofi. Ukitaka, ingia umuulize mwenyewe."

Baba aliliangalia lile geti. Ngoma zilinyamaza zenyewe. Kisha akasema, "Nitamutosha mule miye mwenyewe," akavuka, anaburuta mguu, mimi nimeshika mkono wake.

Selo ikafunguliwa. Bwambale akatoka na suti yake ya matambara.

"Mzee, unajua huyu mutu?"

Baba akamtazama juu hadi chini. Wakuu, nilimwona mdomo unacheza. Nilijua, huyu mzee anataka kumkana tena! Shangazi akamfinya mgongoni.

"Huyu ni mutoto yangu," Baba akasema.

"Una hakika?"

"Niko na hakika."

"Lakini mbuzi inabaki kama kizibiti mpaka mwenye kuibiwa aje kuziona. Una hakika kabisa?"

"Mbuzi zibakie. Mutoto anakwenda na miye."

Nililia mbele ya askari wote. Ngoma zikalipuka. Askari mmoja alianza kucheza, akakumbuka sare yake, akaacha, halafu akaendelea.

Kwa hiyo mimi ndiye binti wa kwanza mlimani kwetu kutolewa mbuzi wakiwa mahabusu.

Kesho yake yule mfugaji alikuja kutoka Karusandara. Ni Msongora, kabila la wafugaji, sisi Wakonzo ni watu wa jembe, na wakulima na wafugaji huko hawaivi chungu kimoja. Angeweza kusema mbuzi wote ni wake. Akawaangalia, akasema hapana, hawamo. Tukampa chakula kilichobaki. Afande naye akatuomba tuwahi kuwachukua, walikuwa wamemaliza maua ya kituo.

Nilichojifunza? Semina za haki za binadamu tumeshaona, na mabango yake yapo mpaka kwenye miti. Mimi nilizielewa pale kiti kilipotolewa nje ya geti. Kumwambia mtu kosa lake na kumwacha awajulishe watu wake, vitu vidogo hivyo ndivyo Baba alivyonyimwa.

Ila haki ya kupiga simu, chagueni wa kumpigia. Siyo baba mkwe.

Siku hizi Bwambale akimuudhi, Baba anasema, "Yule afande aliniuliza mara mbili kama niko na hakika." Halafu anachukua kofia yake anakwenda sokoni, na anapita mbele ya geti.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Nani mwingine alishakanwa na mkwe?