Mama Anasubiri Nimwambie Kama Yule Msichana Alifunguliwa Mlango

Admin, shikamoo. Jina langu nifichie, na kijiji usikitaje. Sema tu ni Kwale, upande wa Shimoni.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa swali sauti hunikauka. Mahali ninapoweza kusoma kwa sauti ni uani kwetu tu, mama na shangazi wanapofunga mbegu za mwani kwenye kamba. Nawasomea riwaya yetu ya shule. Ni ya Kiingereza, nami nawageuzia kwa Kiswahili huku mikono yao ikienda.

Msichana wa riwaya hiyo ni wa umri wangu. Anamwibia mamake, anadanganya, kisha anatoroka na mvulana mjinga kuliko yeye. Mwalimu anasema tumwelewe, ni mtoto tu. Nimejaribu, wallahi, siwezi. Hata mazuri yake nimekuwa nikiyaruka ili aonekane mbaya zaidi. Shangazi ndiyo kwanza anacheka: "Hako kasichana kana kichwa! Hebu soma, mwanangu."

Sababu naijua. Dada yangu alifanya hivyo hivyo, akaenda Ukunda na mtu. Jina lake nyumbani halitajwi, lakini adhabu yake naitumikia mimi. Simu nilinyang'anywa. Madrasa napelekwa na kurudishwa. Nikichelewa kidogo kutoka shule, mama ananinusa nguo. "Mmoja ameshanitoka," husema. "Wewe hutanitoka."

Katika riwaya pia yupo mdogo mtu. Ametajwa mara moja, anaosha vyombo. Jina hana.

Juzi shangazi alileta salamu: dada ana mtoto, anaomba radhi, anataka kurudi. Mama alivuta kamba akaniambia, "Soma." Tulikuwa tumefika pale msichana anapopiga hodi kwao. Mama akasimamisha mikono. Sijawahi kumwona akisimamisha mikono kwenye mwani.

"Mamake alimfungulia?"

Shangazi akanitazama mimi.

Nilisema sijafika hapo, nikafunga kitabu, nikajidai naenda kuteka maji. Uongo. Nilikuwa nimeshakimaliza. Mamake alifungua, akampakulia chakula, wakalia wote wawili, kitabu kikaisha. Hakuna aliyemgeukia yule wa vyombo.

Kesho maji yakijaa watakaa tena kufunga. Leo mama ameniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeona haya: "Na kile kitabu?"

Nikisema alifungua, dada atarudi. Nampenda, Mungu shahidi yangu. Lakini mimi niliyebaki ndani, nani atanifungulia? Nikisema hakufungua, mama ataniamini, Kiingereza hakijui, na kile kichanga hakitaujua uso wa bibi yake.

Msinitukane, tafadhali. Hasa ninyi mliokuwa wadogo wa mtu: kesho nimsomee mama mwisho upi?