Kiti cha Nyuma

Asubuhi ile nilitoka kwangu Nkende na begi moja, nikapinda kushoto kwa sababu kulia ndiko kilikokuwa chuo. Mpango mwingine sikuwa nao.

Pale chuoni, chuo kidogo cha mifugo, nilikuwa mfagiaji. Shule niliiacha kidato cha pili kwa ukaidi wangu mwenyewe, lakini kutaka kujua hakukuniacha. Korido nilikuwa naifagia polepole kuliko ilivyohitajika ili nimsikie mkufunzi wa magonjwa ya ng'ombe, kijana wa rika langu kutoka mkoa mwingine. Alikuwa akisoma notisi kwenye daftari lake, wanafunzi wananakili. Nilipoingia kufagia, nilikuta madawati yamechorwa magari na mioyo.

Siku moja nikamwambia, "Mwalimu, wengi hawa wamekulia zizini. Waulize kwanza wanachojua, ndipo uwape notisi."

"Mura," akaniita, kama kijana anavyoitwa kwetu, "wewe umeishia kidato cha pili, leo unanifundisha kazi?" Akacheka. Lakini wiki iliyofuata akaniuliza kama namfahamu mfugaji yeyote. Nikawapeleka yeye na wanafunzi wake Nyanungu, kwa mzee mmoja wa upande wa mama yangu.

Tulimpa shikamoo, akaitikia vizuri. Kisha mkufunzi akatoa kalamu. "Mzee, una ng'ombe wangapi?"

Mzee akageukia zizi. Kwa watu kama yeye, mifugo ya mtu haihesabiwi mbele ya wageni, ni kama kuitakia kifo. Wanafunzi waliozaliwa huku wakainamisha vichwa kwa aibu. Nikamnong'oneza mkufunzi, "Muulize habari za ng'ombe mmoja tu. Yule mwekundu mwenye pembe moja."

Mzee akaongea mpaka jua likawa la utosi: yule mwekundu aliugua lini, aliacha kula nini kwanza, mate yalikuwaje, dawa gani ilishindwa. Kesho yake wanafunzi walibishana darasani kuhusu ugonjwa ule hadi kipindi kikaisha, na daftari la mkufunzi halikufunguliwa. Tangu hapo kila wiki tulianza na mnyama mmoja na swali moja. Mimi nilichagua mnyama, yeye akauliza. Akaniruhusu nikae kiti cha nyuma.

"Muhula ujao nitakuombea nafasi usome rasmi," aliniambia tukila mihogo kwa mama lishe. "Nakuahidi, kaka." Nikanunua daftari.

Wakaja wageni, wakaguzi waliosikia kwamba darasa letu halisinzii. Mmoja, mama wa makamo, aliuliza, "Njia hii umeipata wapi?"

"Nimeifikiria mwenyewe," mkufunzi akajibu. "Imenichukua muda."

Msichana mmoja wa mbele akasema, "Na kaka wa usafi, mwalimu!" Darasa likacheka, kicheko cha kuunga mkono. Mama yule akageuka kunitazama.

"Huyo?" mkufunzi akasema. "Huyo amekuja kuchukua viti vya ziada."

Nikasimama, nikachukua viti viwili, nikatoka navyo. Mpaka leo sielewi kwa nini nilimsaidia kudanganya.

Jioni alinifuata stoo. "Ningewaambiaje, kaka? Kwamba nafundishwa kazi na mfagiaji?"

"Na ile nafasi?"

"Tuache kwanza. Na darasani usiingie kwa sasa, wasije wakauliza maswali."

Ufagio ulikuwa bado mkononi mwangu. Nikautundika, nikaenda kufunga begi.

Asubuhi yake, barabarani, nilisimamisha lori la mahindi. "Unaenda wapi?" dereva akauliza.

"Unakoenda wewe."

"Haya, panda. Mugumu hiyo."

Tulipita Genkuru, tukavuka Mto Mara, na njia nzima alinieleza jinsi ya kusikiliza injini mbovu kwa mguu. Siku nyingine ningemuuliza maswali mia. Siku hiyo niliitikia tu.

Mugumu nilikuwa sijawahi kufika. Nyuma ya soko nilipata gesti. Mwenyewe, mama mnene mwenye khanga begani, alinisukumia kitabu cha wageni: jina, utokako, kazi. Penye kazi nikaanza kuandika "mwanafu", nikakata.

"Mbona umekwama, baba? Andika mkulima. Wote wanaandika mkulima."

"Mimi si mkulima, mama."

"Ni nani basi?"

Nilimwambia sijui. Akanitazama kidogo, akafunga kitabu, akanionyesha chumba cha tatu.