Ufa Juu ya Ngozi ya Kitunguu

Enzi zile za Elimu ya Kujitegemea shule yetu ilikuwa na jembe la kila mwanafunzi, lakini hadubini ilikuwa moja. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia, mgeni, nimepangiwa kutoka Bukoba hadi chini ya Mlima Hanang. Hadubini yenyewe haikufanya kazi bila jua, na mlima ule ulishinda umejifunika mawingu. Siku nyingine nilitamani kuitupa dirishani.

Aliyeniweka roho juu alikuwa binti mmoja wa wafugaji wa kijiji cha Gehandu. Baba yake aliniambia wazi, tukiwa tumesimama katikati ya ng'ombe wake:

"Mwalimu, akishinda huu mtihani wa taifa, aende huko kwenye uuguzi. Akishindwa, nyumbani. Wameshakuja kumposa."

Kwenye maswali ya kuandika, Kiingereza kilikuwa kinamtesa. Tegemeo lake lilikuwa mtihani wa vitendo. Huko hakuwa na mpinzani: alibandua utando wa kitunguu bila kuuchana, akaudondoshea iodini, akazungusha skrubu taratibu mpaka seli zikatulia. Wenzake wengi waliishia kuona kope zao wenyewe.

Siku ya mtihani jua lilitoka, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilimkalisha yeye kwenye hadubini atafute mwanga kwa niaba ya wote. Ndipo msimamizi akaingia, mzee wa mvi kutoka shule nyingine. Kwetu pale mkubwa akiingia hakuna anayebaki kitini.

"Shikamoo, mzee!"

Darasa zima liliruka, naye binti akaruka jicho likiwa bado kwenye lenzi. Paji la uso likaipiga hadubini, ikainama. Niliidaka, lakini lenzi ya juu, ile ya kuwekea jicho, ilichomoka ikaanguka kwenye saruji.

"Marahaba. Kaeni," mzee akasema.

Niliiokota. Ilikuwa na ufa mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo. Nikairudisha, nikachungulia: seli zilionekana vizuri, na mstari mweusi umezikata katikati.

"Mzee, nipe dakika moja niseme nao."

"Bahasha ya mtihani nimeshaifungua, Mwalimu. Toka nje."

"Basi niandike maelezo, yaende pamoja na karatasi zao."

"Maelezo ya nini? Si inaonyesha?"

Nilitoka. Nilizunguka jengo lile kama mtu aliyefiwa. Msahihishaji huko Dar es Salaam hatakuwa na hadubini yetu mbele yake. Atakuwa na mchoro tu, na akikuta mstari usiokuwamo kwenye seli atajua mtoto huyu hajui anachokichora. Nilijipa moyo kwamba wanafunzi wataruka ule ufa wasiuchore, kwamba mtu yeyote mwenye akili angeuruka. Mara mbili nilisogelea dirisha, na mara mbili mzee alinikazia macho. Ningeweza kumpigia magoti, lakini angewafukuza wote.

Binti wa Gehandu ndiye aliyetoka wa kwanza, jicho moja jekundu, uso umechangamka kuliko nilivyowahi kumwona.

"Mwalimu, nimemaliza vizuri. Nimechora seli zote, na ule ufa nao nimeuchora, umenyooka kabisa. Si wameandika tuchore tunachokiona?"

Akasimama mbele yangu, akisubiri nimpongeze. Nikampongeza.